Hakimu Aliyezikwa Pamoja na Pilato: Jeneza la Junius Bassus, Roma, Mwaka 359

Tarehe 25 Agosti mwaka 359, liwali wa jiji la Roma alifariki akiwa bado kazini. Jina lake Junius Bassus. Habari hizi zimechongwa kwa Kilatini kwenye ukingo wa juu wa jeneza lake la marumaru, na herufi zake zinasomeka hadi leo: kwamba alikuwa wa daraja la maseneta, kwamba aliishi miaka 42 na miezi miwili, na kwamba akiwa katika uliwali wenyewe wa jiji, hali ameongoka karibuni, alikwenda kwa Mungu. Mwaka umetajwa kwa desturi ya Kirumi, yaani kwa majina ya makonsuli wawili (cheo cha juu cha dola) wa mwaka ule, Eusebius na Hypatius.

Jeneza lilifukuliwa mwaka 1597 chini ya Basilika la Mtakatifu Petro, karibu na mahali panapoheshimiwa kuwa kaburi la mtume huyo. Sasa limewekwa katika makumbusho ya hazina ya basilika hilo, na nakala yake ya plasta iko Makumbusho ya Vatikani. Wanaoandika historia ya sanaa hawakosi kulitaja. Kwa kawaida hulitoa kama ushahidi wa namna imani ya Kikristo ilivyopanda hadi kwa wakubwa wa Roma, na namna mafundi waliozoea kuchonga miungu walivyojifunza kumchonga Kristo. Sina ugomvi na maelezo hayo. Ila naona yanaruka swali la kwanza kabisa, yaani nani amelala ndani. Kazi ya marehemu ilikuwa kukamata watu, kusikiliza mashauri yao na kuwahukumu. Naye akazikwa ndani ya jiwe lililojaa watu waliokamatwa, wakashtakiwa na kuhukumiwa. Kisa hiki nitakisoma kuanzia hapo.

Mtu na cheo chake

Liwali wa jiji hakuwa mtu mdogo. Kufikia karne ya nne wafalme wa Kirumi walikuwa hawaishi Roma tena. Konstantio II, aliyetawala wakati huo, alishughulika zaidi na mipaka ya dola, mbali na Roma. Roma ilibaki mikononi mwa liwali. Yeye ndiye aliyeongoza vikao vya Seneti. Usalama wa mitaa, nafaka ya kulisha mji na maji ya mifereji vilikuwa juu yake. Juu ya yote hayo, alikuwa hakimu mkuu, na amri yake ilifika hadi maili 100 za Kirumi nje ya mji. Kesi za kifo zilikuwa zake. Mwandishi wa historia Ammianus Marcellinus anamgusa Bassus kwa maneno machache tu: kwamba alikuwa amepandishwa cheo karibuni akafikwa na kifo chake, na kwamba Artemius, aliyekaimu nafasi yake, alikumbwa na ghasia mjini. Ndivyo kiti hicho kilivyokuwa. Mkate ukipungua, watu walikwenda mlangoni kwa liwali.

Ukubwa ulikuwa wa nyumbani kwao. Baba yake, Junius Annius Bassus, alikuwa konsuli mwaka 331, akajenga ukumbi wa fahari kwenye kilima cha Esquilino. Kuta zake zilipambwa kwa vipande vya marumaru za rangi vilivyokatwa na kuunganishwa hadi vikatoa picha. Ukumbi umekwisha kubomoka, lakini baadhi ya picha zimesalia katika makumbusho ya Roma. Kuna chui milia anayemrarua ndama. Kuna kijana Hylas anayevutwa majini na mabinti wa chemchemi, hadithi ya Kigiriki iliyopendwa sana. Na kuna picha ya konsuli mwenyewe, amesimama ndani ya gari la farasi wawili, anautazama umma uso kwa uso, nyuma yake wapanda farasi wa michezo ya uwanjani. Picha hiyo ya baba ikumbukwe, tutaihitaji tukifika katikati ya jeneza la mwana.

Jiwe na desturi yake

Warumi wa zamani zaidi walichoma maiti na kuhifadhi majivu. Ni katika karne ya pili baada ya Kristo ndipo wenye uwezo walipoanza kwa wingi kuzika mwili mzima, na hapo biashara ya majeneza ya mawe ikashamiri. Marumaru ilitoka mbali, kama vile kisiwa cha Proconnesus katika bahari ya Marmara, machimbo ya Athens, na Dokimeion huko Asia Ndogo. Jeneza la Roma lilisimamishwa ukutani ndani ya chumba cha kaburi, kwa hiyo fundi alichonga pande tatu tu na kuuacha mgongo. Wateja wa Asia walitaka pande zote nne.

Fundi alikuwa na mitindo yake, na mteja alichagua, mfano wa seremala anayekutembeza kati ya milango kabla hujataja bei. Endymion, kijana mzuri aliyelala usingizi usiokwisha akitembelewa na mungu wa kike wa mwezi, alinunuliwa sana na waliofiwa, na mtu yeyote anaelewa kwa nini. Wakristo walipoanza kuagiza majeneza katika karne ya tatu, waliingia karakana zilezile. Kwenye jeneza moja la mwaka 270 hivi, lililoko katika kanisa la Santa Maria Antiqua, Yona amelala chini ya mtango wake uchi, mkono juu ya kichwa, kwa mkao uleule wa Endymion. Fundi hakuwa na sababu ya kubuni mwili mpya.

Hata uso wa marehemu uliingizwa kwa mtindo. Katikati ya jeneza palichongwa kombe au duara lenye sanamu za mume na mke, na nyuso zikaachwa bila kukamilishwa hadi mnunuzi apatikane. Katika jeneza moja kubwa la Kikristo la Vatikani, la muda mfupi kabla ya Bassus, nyuso hizo hazikumaliziwa kabisa. Wawili wale wako hapo mpaka leo wakiwa na matonge ya marumaru mahali pa sura.

Jeneza la Bassus ni la daraja nyingine. Urefu wake unakaribia mita mbili na nusu. Uso wa mbele umegawanywa ghorofa mbili, kila ghorofa vidaka vitano vilivyotengwa kwa nguzo, na ndani ya kila kidaka kuna tukio moja. Watu wamechongwa wakatoka kwenye jiwe hata vichwa vingine vinakaribia kujitenga. Na mahali pa katikati, pale wengine walipoweka sura zao, sura ya marehemu haipo.

Vidaka kumi

Nivipitie kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio ndio hoja yenyewe.

Juu, kutoka kushoto: Ibrahimu ameinua mkono kumchinja Isaka. Kisha Petro amekamatwa, yuko kati ya askari wawili. Katikati Kristo ameketi kwenye kiti cha enzi, Petro na Paulo wakiwa kando yake. Kisha Kristo amekamatwa, yuko kati ya askari wawili. Mwisho, kulia, Pilato.

Chini: Ayubu ameketi, mkewe mbele yake ameziba pua kwa vazi kwa harufu ya majipu. Adamu na Hawa wamesimama kando ya mti, nyoka kati yao, na karibu nao mganda wa ngano na kondoo, dalili za kazi waliyopangiwa baada ya kufukuzwa. Katikati Kristo anaingia Yerusalemu juu ya punda. Kisha Danieli kati ya simba. Mwisho, kulia, Paulo amefungwa mikono anapelekwa kuuawa, na nyuma yake yameota matete, kama ya kingo za mto Tiber.

Maelezo ya kawaida ni kwamba haya ni mafumbo ya wokovu. Isaka ni kivuli cha sadaka ya Kristo, Danieli ni ufufuo, Adamu ni anguko, Ayubu ni uvumilivu. Ni sahihi, na mahubiri ya zama zile yaliyafundisha hivyohivyo. Lakini tazama tena kwa jicho la mtu aliyekaa barazani kila asubuhi akiletewa washtakiwa. Petro ni mfungwa. Kristo ni mfungwa. Paulo ni mfungwa ambaye hukumu yake imeshatoka. Danieli alitupwa tunduni kwa amri ambayo mfalme Dario aliitia sahihi mwenyewe, kisha akashindwa kuitangua ingawa alitaka. Adamu na Hawa wamekwisha hukumiwa, na adhabu yao, kulima na kufuga, imewekwa miguuni mwao. Hata Ayubu, kitabu chake karibu chote ni shauri, mtu anamtaka Mungu waonane barazani.

Kisha yuko Pilato. Biblia ya Kiswahili inamwita liwali, na ndivyo ninavyomwita Bassus. Vyeo vyao havikuwa kimoja, Pilato alitawala jimbo dogo la mbali, lakini kazi ilikuwa ileile: kwa jina la Kaisari, kuamua nani aishi. Fundi amemweka ameketi, mtumishi yuko karibu na chombo cha maji. Bado hajanawa. Amegeuza uso pembeni, mkono umefika kidevuni. Mshtakiwa hayumo ndani ya kidaka chake. Yuko kidaka cha jirani, upande wa pili wa nguzo, na Pilato hamtazami. Fundi angeweza kumchonga liwali katili au liwali mwoga, ambao ni rahisi zaidi kuchonga. Amemchonga liwali anayefikiri. Katika jeneza lote sioni mtu mwingine aliye peke yake na mawazo yake namna hii.

Sasa linganisha pembe mbili za ghorofa ya juu. Kushoto Ibrahimu, kulia Pilato. Wote wawili wana uhai wa mtu mkononi. Mmoja alizuiwa dakika ya mwisho. Mwingine alionywa hata na mkewe, wala hakuzuiwa. Kati yao wamepangwa wafungwa wawili waliochongwa kwa mkao mmoja, Petro na Bwana wake, kila mmoja na askari wake wawili, kiasi kwamba ukipita haraka hujui yupi ni yupi.

Enzi na punda

Kristo wa katikati ni kijana asiye na ndevu. Ameketi juu sana, na chini ya miguu yake anatokeza mzee mwenye ndevu aliyeshika shuka iliyojaa upepo kama upinde juu ya kichwa chake. Huyo ni Caelus, mbingu yenyewe, mungu wa zamani wa Kirumi. Hakufutwa, amepewa kazi ya kuwa kibao cha kuwekea miguu. Kristo ana gombo mkononi, naye anawakabidhi Petro na Paulo sheria. Yaani kiti kilicho katikati ya kesi zote hizi ni cha mtoa sheria, na sheria hiyo wanaikabidhiwa watu wawili walewale wanaoonekana penginepo kwenye jiwe hili wakiwa wamefungwa. Wote wawili, kwa mapokeo ya kanisa, waliuawa Roma na serikali ya Roma. Kwa lugha ya ofisi, ni mafaili ya mji wa Bassus mwenyewe.

Chini ya enzi hiyo yupo Kristo juu ya punda, mtu mmoja akitandika nguo njiani. Warumi walikuwa na sherehe yao ya mkubwa kuingia mjini, na fundi ameitumia wazi. Hapa ndipo picha ya baba inaporudi. Bassus mkubwa alijichonga ukutani kwake akiwa ndani ya gari la farasi, anaingia mbele ya watu. Miongo michache baadaye, mahali pa heshima kwenye jeneza la mwanawe, anayeingia mjini ni mwingine, tena kwa punda. Siamini mtu aliyekulia katika nyumba ile angeweza kuutazama mchongo huu asiukumbuke ule ukuta.

Msalaba haupo. Msomaji wa leo huutafuta kwanza, na kukosekana kwake humshangaza. Katika sanaa ya Kikristo ya karne ya nne Kristo aliyesulubiwa karibu haonekani. Picha za wazi za kusulubiwa zilizosalia, kama ile ya pembe ya ndovu iliyoko British Museum na ile ya mlango wa kanisa la Santa Sabina, ni za miaka ya 420 hadi 430 na kitu. Kwa hiyo mateso hapa yanaishia barazani kwa Pilato. Tukio la mwisho unaloonyeshwa ni lile ambalo hakimu bado ana nafasi ya kusema hapana.

Pingamizi

Kuna jibu la nguvu dhidi ya yote niliyosema. Pilato na kukamatwa kwa Petro havikubuniwa kwa ajili ya Bassus. Majeneza mengine ya Roma ya miaka hiyohiyo yanavyo, na hatuna sababu ya kudhani wenyewe wote walikuwa mahakimu. Vatikani kuna jeneza moja la nguzo la katikati ya karne ya nne ambalo Pilato yuko palepale, pembe ya kulia, na Kristo ameletwa kwake katika kidaka cha jirani. Ibrahimu, Danieli, Adamu na Hawa wamo kwenye majeneza mengi mno. Mtu akisema kwamba karakana ilipanga tu bidhaa zake zilizozoeleka, ana haki.

Nakubali picha zilikuwa za karakana. Lakini jeneza la ghorofa mbili, la nguzo, lenye ufundi wa kiwango hiki, halikungoja dukani mnunuzi apite. Kwa gharama kama hii mtu huagiza, na anayeagiza huamua kipi kiwe pembeni na kipi kiwe katikati. Pia naomba tusichanganye maswali mawili: fundi alikusudia nini, na wafiwa waliona nini. Waliosimama mbele ya jiwe hili mwaka 359 walijua vizuri cheo cha marehemu, maana kimeandikwa juu ya vichwa vya wafungwa hao hao. Ukisoma neno la uliwali wa jiji kisha ukateremsha macho, unamkuta liwali ameketi na maji ya kunawa mikono.

Mengine ya jeneza hayaongezi wala hayapunguzi hoja hii. Pande fupi zina vitoto wenye mabawa wakivuna zabibu upande mmoja, na upande wa pili mavuno ya nafaka na majira ya mwaka, kazi ya mtindo wa zamani ambayo Wakristo waliweza kuisoma kama divai na mkate wa ekaristi. Katika pembe za juu za matao ya ghorofa ya chini kuna wanakondoo wadogo wanaoigiza hadithi za Biblia: mwanakondoo anapiga mwamba utoe maji, mwanakondoo anabatiza, mwanakondoo anamfufua Lazaro. Vinachekesha kidogo, na nadhani fundi alijua. Danieli unayemwona leo ni wa kuchongwa upya na amevishwa nguo; Danieli wa majeneza ya zama hizo kwa kawaida yu uchi.

Kifuniko kimevunjika, lakini beti zilizosalia zinaeleza mazishi. Mji mzima unalia, akina mama, watoto na wazee. Seneti nayo inalia. Hata mapaa ya Roma yanaonekana kububujikwa machozi. Watumwa hawakuruhusiwa kumbeba bwana wao, kwa sababu watu wa mji waligombania kumbeba wao. Huo ni usemi wa Roma ya zamani, wa kumsifu mkubwa kwa wingi wa waliomlilia, nao umewekwa juu ya mwili wa jeneza wenye usemi mwingine kabisa. Ukizingatia kwamba muda si mrefu baadaye umati wa mji huohuo ulikuwa ukifanya ghasia dhidi ya wenye mamlaka, unajifunza kuzisoma beti za msiba kwa uangalifu.

Kuongoka karibuni

Limebaki lile neno la kwenye ukingo, kuongoka karibuni: yaani alikuwa amebatizwa karibuni, akiwa na miaka 42, na akafa akiwa bado liwali. Kuchelewesha ubatizo lilikuwa jambo la kawaida kwa watu wa serikali. Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337 akiwa mgonjwa wa kufa. Ambrosi alikuwa mkuu wa mkoa huko Milano watu walipomtaka awe askofu mwaka 374, na hata yeye alikuwa bado hajabatizwa. Ubatizo ulifuta dhambi zote mara moja, na dhambi kubwa baada yake zilidai toba ndefu na ya hadharani. Hakimu wa Kirumi aliagiza mateso kama sehemu ya kuhoji shahidi. Aliagiza vifo. Mapema karne ile maaskofu waliokutana Elvira, Hispania, walikuwa wameagiza kwamba mkuu wa mji akae nje ya kanisa mwaka wote wa utumishi wake.

Bassus basi alifanya jambo ambalo wenye kiti kama chake walilikwepa, ingawa huenda kitanda cha ugonjwa ndicho kilichoamua. Aliingia majini akiwa na mamlaka ya upanga bado mkononi, na waliomzika hawakuona aibu kuyaandika mambo hayo mawili katika mstari mmoja.

Kanisa lenyewe lilichelewa kuwa na jibu. Mwaka 405 Exsuperius, askofu wa Toulouse, alimwuliza Papa Inosenti I kuhusu Wakristo ambao baada ya kubatizwa walishika madaraka wakaamuru mateso au kutoa hukumu ya kifo. Papa akajibu kwamba waliotangulia hawakuacha agizo lolote juu ya hilo, na kwamba mamlaka hayo yametoka kwa Mungu. Alikuwa anaegemea waraka kwa Warumi, sura ya 13, pale inaposemwa kwamba mwenye mamlaka hauchukui upanga bure. Maneno hayo ni ya Paulo, na kwa mapokeo Paulo alikatwa kichwa kwa upanga huohuo. Kwenye jeneza la Bassus yuko ghorofa ya chini, kidaka cha mwisho kulia, moja kwa moja chini ya Pilato.